Kiti cha Siku ya Mashujaa

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, mvua ilikataa kunyesha Kitui, ng'ombe wetu wakaisha mmoja mmoja, na baba yangu akavaa koti lake la pekee akasema anaenda Mombasa kutafuta kazi. Mpaka leo hajarudi. Mama alimngoja, akachoka kungoja, akanitoa darasa la tatu, akanipa shuka ya kujifunika na kunipandisha juu ya lori la mkaa lililokuwa likija Nairobi. Mjomba wangu alikuwa Kawangware. Hapo ndipo shida yangu ilianza na hapo ndipo shule yangu iliisha. Nasema mapema ili mtu asije akasema kwamba ninadharau shule kwa sababu sikusoma. Ninaidharau kwa sababu nimeiona.

Nilivuta mkokoteni Kawangware kabla sijaota ndevu. Nilibeba maji, kabeji, mabati, vitanda vya watu waliofungiwa nyumba kwa kodi, na maiti pia, maana maskini naye lazima afike mahali pake pa mwisho. Mkokoteni haukuulizi una cheti gani. Kutoka kuvuta wa mtu nikavuta wangu, kutoka kuvuta nikaanza kutengeneza, na leo ukiona mkokoteni unapanda Barabara ya Naivasha na magurudumu hayapigi kelele, uliza ulitoka karakana ya nani. Kwa miaka hiyo yote hakuna aliyenisimamisha mbele ya watu nikapigiwa makofi. Sikuwa na haja nayo.

Sasa naishi Kianda, upande huu wa Kibera ulio karibu na mtaa wa Olympic, kwenye ploti yangu mwenyewe, na mjukuu wangu wa kike. Nyanya yake, mke wangu, alishatangulia. Mama yake, ambaye ni binti yangu, nitamfikia. Mtoto yuko gredi ya nne kwenye shule ya mabati iliyopakwa rangi ya buluu, na ni kupitia kwake nilijua kwamba shule ya siku hizi haifundishi, inasherehekea.

Kila sikukuu wanaigeuza somo. Pasaka walipaka mayai rangi. Mayai mazima ya kuku yalichemshwa, yakapakwa rangi ya mlango, yakapigwa picha, kisha yakatupwa kwa sababu hayaliki tena. Nikamuuliza mjukuu wangu wamejifunza nini.

"Rangi, guka."

Ananiita guka, yaani babu kwa Kikikuyu, kama watoto wote wa Nairobi, ingawa sisi ni Wakamba na tuna neno letu. Nimeacha kubishana.

Sikukuu ya wafanyakazi walitakiwa waje wamevaa nguo za kazi. Madaktari walijaa uwanjani kama hospitali ya taifa, marubani nao walikuwa wengi kuliko ndege zilizoko Kenya nzima, na hakuna hata mtoto mmoja aliyekuja amevaa kama mtu wa mkokoteni. Nusu ya baba zao ni watu wa mkokoteni. Nawajua, wengine wamekodisha kwangu.

Na Krismasi! Shule ikikaribia kufungwa, mvua ya Novemba inanyesha mpaka vyoo vinafurika, watoto wadogo wa chekechea wanaketi kubandika pamba kwenye karatasi, eti ni theluji. Theluji ya wapi? Wanaimba habari za mzee wa ndevu nyeupe anayebisha mlangoni na zawadi. Mzee wa ndevu nyeupe anayebisha milango ya Kianda ni mimi, na watoto wanajua vizuri kwamba sijawahi kuleta zawadi.

Basi mwaka huu, Oktoba ilipokaribia, tukaitwa wazazi wote kuambiwa mipango ya Siku ya Mashujaa. Mwalimu wa gredi ya nne ni kijana wa kutoka upande wa ziwa, shati limembana, kalamu ya rangi nyekundu nyuma ya sikio. Alisimama mbele yetu akatugawia shughuli kulingana na umri wa watoto, kama mtu anayegawa vyakula vya msaada. Wa chekechea wangepaka bendera rangi. Gredi ya pili na ya tatu wangetengeneza ngao kwa katoni za maziwa. Wakubwa, hao wa sekondari ya chini, wangeigiza vita vya msituni. Na gredi ya nne, kila mtoto angekuja na kiti kutoka nyumbani na mtu mzima wa kukikalia. Mtoto asimame kando ya kiti, amhoji huyo mtu mbele ya shule yote, watu wasikie historia.

Alipomaliza akanifuata nilipokaa.

"Mzee, wewe ndiye tunakutegemea. Wewe una sura."

"Sura ya nini?"

"Ya shujaa. Sasa ukija na shuka hivi, begani, halafu kibuyu mkononi. Na viatu unavua."

"Navua viatu?"

"Ni ya kuonyesha utamaduni tu, mzee wangu."

"Kijana, mimi nimetembea bila viatu hapa Nairobi, kwenye kokoto, nikivuta mzigo, mpaka siku niliponunua vyangu. Leo unataka nivivue ndio watoto wafurahi?"

Mama mmoja anayeuza samaki karibu na reli akacheka nyuma yangu. "Mwalimu, huyo umemkosea. Huyo hata kulala analala na viatu."

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu naye akacheka, nikaona hana hata aibu. Baba yangu hakuwahi kuvaa ngozi wala kubeba kibuyu. Alivaa suruali ya kaki na hilo koti. Sijui vijana hawa wanaosomea ualimu wanaambiwa sisi tulitoka wapi.

Jioni, tukila, mjukuu wangu akaniuliza, "Guka, utakuja ama hukuji?"

"Sivai shuka."

"Sijasema uvae. Nimeuliza utakuja ama hukuji."

"Nina kazi Kawangware siku hiyo."

Akaendelea kula. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Hata mwaka jana ulikuwa na kazi."

Hapo akanipata. Habari ya mwaka jana niliisikia kwa mpangaji wangu, yule msusi anayemsuka nywele. Mwaka jana kulikuwa na mchezo kama huo wa viti, sijui ilikuwa sikukuu gani, zote nazichanganya. Nilimwambia nina kazi, na kilichotokea hakuniambia. Aliazima simu ya msusi, akapeleka kiti, akaiweka simu juu ya kiti, kwa sababu mama yake alikuwa ameahidi kupiga kwa video saa hiyo hiyo aongee na darasa. Simu haikulia. Wenzake walihoji baba na mama na shangazi, ikafika zamu yake, akasimama kando ya kiti chenye simu mpaka mwalimu akamwambia akae. Kutoka siku hiyo wakampa jina: mtoto wa simu. Akipita dukani, "Mtoto wa simu, una kredo ya kupiga?" Akifeli hesabu, "Mtoto wa simu hana netwaki."

Kwa hiyo nilijua vizuri kabisa. Nisipokwenda, kiti kitakaa wazi mara ya pili, mbele ya watoto wale wale.

Nimfikie sasa binti yangu. Yuko Saudi, anafanya kazi ya nyumba, anaosha sakafu za watu ambao hawezi kukwambia hata majina yao. Mimi sikumfukuza. Nilimwambia aje karakana, ashike ofisi, siku moja iwe yake. Akasema hapana. Nikamwambia kwamba mtu mwenye akili haachi mtoto na kazi ya baba yake akapanda ndege kwenda kuwa mjakazi. Akanijibu akiwa amefunga sanduku tayari:

"Baba, wewe ulipotoka Kitui ulimuuliza nani?"

Tangu siku hiyo akipiga simu mimi hutoka nje. Nasikia mazungumzo kupitia dirisha, siyatafuti. Najua namna mtu anavyovaa koti akasema anaenda kutafuta kazi. Nimeliona hilo koti mara moja na limenitosha.

Siku ilipofika nilivaa suti yangu ya kahawia, kofia, na viatu nilivyovipiga rangi asubuhi mpaka vikang'aa. Nilikuwa nimekubali kwa masharti yangu: hakuna shuka, hakuna kibuyu, na nikiulizwa nilipigania nini nitasema nilipigania kupanda mlima na mzigo. Nilikuwa nimetayarisha mambo ya kusema. Kama wanataka shujaa, wataona mtu aliyekuja juu ya mkaa na leo ana ploti. Waandike hiyo kwenye karatasi ya manila.

Kiti nilibeba mwenyewe, cha plastiki, cheupe, juu ya bega. Kutoka kwangu mpaka shuleni ni karibu, lakini kwa mtu anayebeba kiti Kianda, ni safari.

"Landilodi!" kijana wa kinyozi akapiga kelele. "Leo ni wewe umefungiwa nyumba?"

"Mzee, hama polepole, godoro tutakuletea!"

Mjukuu wangu alikuwa anatembea mbele yangu na karatasi aliyoikunja kama bomba. Nilimuona mabega yanatingishika. Alikuwa anacheka.

Uwanja wa shule hiyo ni mdogo kiasi kwamba watu wakikaa, wengine wanakalia mlango wa choo. Walianza na wale wa chekechea na bendera zao. Bendera nyingine zilikuwa na nyeusi chini na kijani juu, moja ilikuwa buluu yote, mwenyewe akasema rangi zingine ziliisha. Makofi. Wa pili na wa tatu wakaja na ngao za katoni, upande mmoja nyekundu, upande wa pili bado tangazo la maziwa. Makofi. Siku hizi hakuna kitu kisichopigiwa makofi. Ukipiga chafya utapewa cheti.

Kisha wakubwa wakaleta vita vya msituni. Msitu ulikuwa watoto wanne walioshika majani ya ndizi. Mzungu alikuwa kijana aliyepakwa unga usoni, unga mzuri wa ugali. Na mpigania uhuru, jemadari mzima, alikuwa amevaa mopu kichwani. Mopu ya kupigia deki, ile ya nyuzi, imekatwa mti. Hizo eti ndizo nywele ndefu za watu wa msituni. Ilikuwa bado haijakauka vizuri, matone yanamdondoka shingoni, naye anapiga kelele "Tunataka ardhi yetu!" Alipokimbia kumvamia mzungu mopu ikaanguka. Akaiokota, akaivaa mbele nyuma, ikamfunika macho, akaendelea na ukombozi akipapasa.

"Buda, mzungu yuko huku!" kijana mmoja wa nyuma akamwambia. "Unapiga msitu!"

Watu walicheka mpaka wakalia. Mimi sikucheka. Nilizaliwa mwaka ule bendera ilipopandishwa. Kuna wazee niliowapata Kawangware nikiwa mtoto, waliotoka kizuizini na meno nusu, wanauza kuni, hawasemi. Nikafikiria mmoja wao angekuwa amekaa hapa kando yangu anaangalia mopu. Nilitaka kuondoka wakati huo. Kilichonizuia ni kwamba kiti changu kilikuwa kimeshawekwa katikati.

Gredi ya nne ikaitwa. Alianza kijana mmoja na nyanya yake, aliyeulizwa alikula nini zamani, akajibu "chakula". Akafuata msichana na baba yake wa bodaboda, amekuja na koti la kung'aa na helmeti mkononi. Kisha zamu yetu.

Nilisimama, nikavuta koti likakaa sawa, nikatembea mpaka kwenye kiti. Mjukuu wangu akanizuia kwa mkono. Akaifungua ile karatasi yake, akaibandika kwa utepe wa gundi kwenye mgongo wa kiti, akaisugua kwa kiganja ishike. Ilikuwa imeandikwa kwa kreyoni, herufi kubwa: MAMA.

Nilidhani amebeba karatasi ambayo si yake. Nikamnong'oneza, "Umebandika nini?"

"Kaa, guka."

Nikakaa. Yeye akageukia watu.

"Huyu ni guka yangu. Yeye si shujaa wangu. Shujaa wangu ni mama yangu. Ako Saudi, anafanya kazi ya nyumba. Guka amekuja kumkalia kiti."

Kicheko kikapita, kidogo, cha watu wazima. Yule mama wa samaki akasema "Uwi!" Mimi nimekaa na suti yangu, na kofia yangu, na viatu vinavyong'aa, na hotuba yangu yote ya mkaa na ploti haina kazi tena. Shule nzima inaniangalia na mimi si chochote. Mimi ni makalio ya kushikilia kiti upepo usikibebe. Kutoka nyuma sauti ya mtoto ikasema polepole, "Mtoto wa simu." Niliona mjukuu wangu ameisikia. Hakugeuka. Alishika mkono wa kiti.

"Guka," akasema, na sauti yake sasa ilikuwa nyembamba, "mama akiwa mdogo kama mimi, alikuwaje?"

Ningeweza kusimama nikaenda zangu. Nimewaacha watu wakubwa kuliko hao wakining'inia na maswali yao. Lakini nilikuwa naona vidole vyake kwenye mkono wa kiti, na nilijua nikisimama kitabaki na karatasi tu.

Nikasema, "Alikuwa mkaidi."

Watu wakacheka. Nikangoja wamalize.

"Kuna mlima Kawangware," nikasema, "wa kutoka mtoni. Mvua ilikuwa imenyesha, na nilikuwa na kabeji nyingi, mzigo uliopita kichwa. Nilivuta mpaka katikati, mguu ukaanza kuteleza. Mkokoteni wa hivyo ukikushinda katikati ya mlima unarudi nyuma nao unakuvuta, na ukiuachilia unaua mtu huko chini. Nikasema basi, leo ndiyo leo. Halafu mzigo ukawa mwepesi. Nikajua kabeji zinaanguka. Nikageuza shingo kuangalia, nikaona soksi za shule. Ilikuwa yeye. Alikuwa ametoroka shule akanifuata. Alikuwa anasukuma kwa kichwa, kwa sababu mikono ilikuwa haifiki juu. Matope mpaka hapa. Nikamwambia, wewe, nenda shule! Akaniambia, nitaenda tukifika juu."

Nilikuwa nimemaliza, au nilidhani nimemaliza.

Mjukuu wangu aliangalia mkono wake, ambako maswali yaliyobaki yalikuwa yameandikwa kwa wino. Hakuuliza hata moja kati ya hayo. Akauliza, "Na mlifika?"

"Tulifika."

Nikasikia mtu anakaanga vitunguu nyumba ya jirani. Na mwalimu, Mungu amsamehe, akaruka mbele na kalamu yake sikioni akasema, "Kwa hivyo watoto, hapo tumejifunza nini?"

"Bidiii!" wakajibu wote, kama kasuku.

Bidii gani? Mtoto alikuwa anasukuma kabeji. Nilimkata mwalimu jicho moja akapiga makofi haraka na kuita mwingine.

Tulirudi nyumbani, mimi na kiti begani, karatasi bado imening'inia mgongoni mwake. Kijana wa kinyozi aliisoma tukipita akaacha kupiga kelele. Njiani mjukuu wangu aliniuliza kama mama yake alipigwa huko shuleni kwa kutoroka. Nikamwambia alipigwa. Akauliza kama alilia. Nikamwambia sijui, sikuwapo, nilikuwa nauza kabeji.

Jioni simu ililia. Nilishika kofia kama kawaida yangu. Kisha nikaitundika tena kwenye msumari nikakaa. Mjukuu wangu aliniangalia, akaweka simu katikati ya meza sauti isikike.

"Baba ametoka?" binti yangu akauliza.

"Amekaa."

"Amekaa wapi?"

"Kwa kiti chako."

Mahali alipokuwa kulisikika maji yanatiririka kwenye karai. Nikasogea karibu na meza.

"Unakula?" nikauliza.

"Nakula, baba."

"Na wanakulipa?"

"Wananilipa."

"Sawa."

Tukabaki hivyo mpaka maji yakafungwa. Sijui watu waliosoma huongea nini wakati kama huo. Labda wana shughuli yake, na karatasi ya manila.

Mawazo yangu kuhusu shule hiyo sijayabadilisha. Theluji ya pamba ni upuuzi, mayai yale yalikuwa chakula cha mtu, na aliyemvisha mpigania uhuru mopu anafaa kuvishwa yeye mwenyewe, ikiwa na maji. Mwalimu ameshatuma ujumbe wa sikukuu ya Jamhuri, watakayoifanya kabla ya kufunga shule: watoto wa gredi ya nne walete mtu wa kuwaonyesha kazi ya mikono. Ameniomba nipeleke mkokoteni mdogo, wa kuchezea. Nimemjibu kwamba sitengenezi vitu vya kuchezea. Nitapeleka mkubwa, na watausukuma wenyewe.

Leo nina hivi. Ploti moja Kianda: vyumba vya mabati kumi na viwili na cha mawe kimoja, ninacholala. Tangi la maji. Karakana Kawangware yenye mashine mbili za kuchomelea. Mikokoteni ya kukodisha, mitano, na mmoja wa zamani ambao haukodishwi. Shamba dogo Kitui, lenye kaburi la mama. Suti moja ya kahawia. Viatu vya ngozi, jozi mbili. Viti vya plastiki sita, kimoja kina karatasi mgongoni na wapangaji wanajua hakikaliwi. Mjukuu mmoja. Binti mmoja, yuko Saudi, mkataba wake unaisha mwakani.